Wiki Tatu kwa Mama Njiku

Sisi tuliokulia Utemini miaka ya tisini, maduka yalipokuwa yamejaa bidhaa tena, tulikuwa na utajiri ambao ukiwaeleza watoto wa leo wanakutazama kama unawasimulia habari za sungura na fisi. Tulicheza rede mpaka vumbi la Singida likatufanya wote kuwa rangi moja. Mwezi wa nane upepo ulikuja na ubaridi wake ukitingisha mabati, nasi tukitoka shule tulikwenda kujibanza kwenye yale mawe makubwa yaliyoota jua tangu asubuhi, tukatafuna mbegu za alizeti na kutemeana maganda. Nyumbani kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Binti yangu nilimpikia mlenda mwaka juzi. Aliuinua kwa kijiko, akautazama unavyovutika, akaupiga picha. Hakuula.

Baba yangu alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata biashara ya vitenge na khanga mpaka Singida, akaoa Mnyaturu wa Mgori, akawa hana tena habari ya kurudi. Yeye alisema Kiswahili laini cha kwao. Mama alisema Kiswahili cha kwetu, na akikasirika alihamia Kinyaturu. Mimi nilipima uzito wa kosa langu kwa lugha niliyogombezwa nayo.

Na mtu aliyemkasirisha Mama kuliko wote alikuwa jirani yetu, Mama Njiku. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alipika pombe ya mtama nyuma ya nyumba yake. Jumapili asubuhi alikwenda kanisani, mchana akafungua pipa. Walevi wake walikuja kuegemea ukuta wetu. Baba alipuuza, lakini Mama, aliyeingia dini ya Kiislamu ukubwani na kuishika kwa mikono miwili, hakupuuza hata kidogo. Alimpeleka Mama Njiku kwa balozi wetu wa nyumba kumi mara nisizoweza kuhesabu. "Usikanyage ua wa yule mwanamke," aliniambia. "Hata mpira ukiangukia kule, acha upotee."

Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimekula barabara yote. Baba aliondoka kwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo Kariakoo, kama alivyozoea, akasema safari hii atampitia kwanza shangazi yake aliyekuwa mgonjwa.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Nilitoka shule nikakuta watu wamejaa kwa kinyozi, redio imewekwa dirishani, hakuna anayenyolewa. Bwana mmoja mwenye nywele nusu alikuwa amesimama nje na shuka shingoni. Nikasikia kwamba ubalozi umelipuliwa kwa bomu na watu wamekufa. Mimi nilikuwa darasa la nne na balozi niliyemjua alikuwa mmoja tu. Nilikimbia mpaka nyumbani kwake, nikamkuta ameketi anapukuchua mahindi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanitazama hivyo, mwanangu?"

Nilirudi mbio nikiwa na furaha ya kumwambia Mama kwamba redio imekosea. Nilimkuta uani, amesimama na ufagio mkononi, hafagii.

"Balozi ni mzima," nikamwambia.

Hakucheka. "Ni ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam," alisema. "Na Nairobi pia. Shangazi yake baba yako anakaa mtaa ule ule."

Jioni ile nyumba yetu ilijaa. Waliokuja walikuwa Waislamu na Wakristo, Wanyaturu na Wanyiramba, wenye maduka na wasio nayo. Walikuja na mikeka yao wenyewe. Mama yake Neema, rafiki yangu tuliyeketi dawati moja tangu darasa la kwanza, alileta uji kwenye ndoo. Jumamosi Mama alikwenda kupiga simu posta kwa Baba Mdogo wetu wa Kinondoni. Alishinda kwenye foleni, na zamu yake ilipofika simu haikupita. Jumapili ilikuwa vivyo hivyo. Nyakati zile mtu akisafiri alikuwa amepotea mpaka arudi, nasi tulikuwa tumezoea; lakini safari hii kutojua kulikuwa kama kumeza mfupa.

Sijui neno lile lilianzia wapi. Labda sokoni, labda bombani. Nilichoona ni kwamba Jumapili jioni mikeka ilikunjwa mmoja mmoja, na Jumatatu hakuja mtu. Nilipokwenda kuchota maji niliwasikia akina mama kabla hawajaniona.

"Amefika Dar, bomu likalipuka. Na hajarudi mpaka leo."

"Na ndevu zile."

"Hawa watu wa pwani huwezi kuwajua."

Waliponiona wakanipisha nichote kwanza. Hakuna aliyewahi kunipisha bombani.

Shuleni Neema alikuwa amehamia dawati la nyuma. Nilidhani ni mchezo, nikamfuata. Aliinamisha kichwa akawa anachora mistari kwenye daftari. "Mama amesema nisikae na wewe mpaka baba yako arudi," alisema polepole. Mwalimu Ntandu alituona. Alifungua mdomo, kisha akageuka akaendelea kuandika ubaoni. Wakati wa mapumziko wasichana walipanga rede. Nilisimama pembeni nikingoja kuitwa. Nilingoja mpaka kengele ikapigwa, mikono yangu ikiwa tayari kudaka mpira ambao haukurushwa kwangu. Tangu siku ile nimepoteza watu, nimezika, nimehama miji. Lakini upweke kamili niliuonja pale, katikati ya kelele za watoto mia.

Sikumweleza Mama. Alikuwa anajua. Alikuwa ameketi kizingitini na mdogo wangu mchanga mapajani, ndoo zetu zote tupu, maana hakutaka tena kwenda bombani.

Mchana ule Mama Njiku aliingia uani kwetu kwa mara ya kwanza. Kichwani alikuwa na ndoo ya maji na kwapani ameshika kuku hai. Mama alisimama. Nilijua sasa kitasikika Kinyaturu.

"Mama Zuhura," alisema Mama Njiku, akiitua ndoo, "mimi na wewe tuna ugomvi wetu wa pombe. Ugomvi huo upo, tutaendelea nao. Hili si la pombe."

Mama akaketi tena, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mama Njiku hakumbembeleza. Alimchukua mtoto, akanikabidhi kuku. "Mpeleke kwa mwalimu wenu wa madrasa amchinje," aliniambia. "Mimi mkono wangu haufai kwenu."

Kesho yake alikwenda bombani na ndoo zetu na zake. Sauti ile ya kuita ng'ombe niliisikia nikiwa ndani. "Yule mtu amewakopesha khanga za kuzikia mama zenu! Leo amekuwa mlipua mabomu? Bomu alilibeba ndani ya nini, ndani ya gora la kitenge?" Walevi wake walipokuja aliwafukuza, akasema pipa limefungwa, jirani ana msiba usio na maiti.

Jumanne ile ile, alasiri, mtu wa posta akaleta simu ya maandishi kutoka kwa Baba Mdogo. Ilikuwa na maneno machache: Baba yuko hospitali, ameumia, yu hai, Mama aje. Baadaye tulijua kwamba alikuwa mlangoni kwa shangazi yake kishindo kilipotokea. Dirisha lilimshukia, na walipomwokota hakuweza kusema jina lake. Baba Mdogo alizunguka wodi siku mbili kabla ya kumtambua, kwa vidole vya miguu, maana uso wote ulikuwa umefungwa bandeji.

Mama alipaswa kuondoka na basi la asubuhi, mtoto mgongoni. Mimi nikae na nani? Ndugu zake walikuwa Mgori, hakuna muda wa kuwafikia. Nilimsikia akizungumza na Mama Njiku ukutani.

"Nakuachia Zuhura."

"Mimi?" Mama Njiku aliuliza. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo namna ile.

"Wewe."

Nilikaa pale wiki tatu. Siku ya kwanza alinionyesha sufuria inayong'aa. "Ile yangu imepikiwa kitimoto, nyama ya nguruwe," alisema. "Niliisugua kwa mchanga na majivu, nikaona bado nina haya. Hii ni yako peke yako." Kila alasiri alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Umeswali?" Nikisema bado, alinisukumia kopo la maji, akakaa kwenye kigoda kulinda kuku wasikanyage mkeka wangu. Hakuuliza kamwe nilikuwa nasema nini pale chini. Siku moja tu aliniambia, "Ukifika kwa baba yako, mtaje na Njiku. Yeye naye alikwenda Dar, hakurudi; yake ilikuwa malaria." Ndipo nilipojua kwamba Njiku alikuwa mtoto wake, na kwamba wiki zote zile nililala kitandani kwa huyo Njiku.

Baba alirudi amekonda, na kovu limemshika kuanzia kwenye jicho mpaka shavuni. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamekufa. Jioni ya kwanza walikuja kutoa pole, wale wale wa mikeka na wale wale wa bombani. Baba aliwapa mkono mmoja mmoja akitabasamu, akijibu "nashukuru" hata kwa wasiosema kitu. Mama aliwaandalia chai. Aliimimina mwenyewe, hakuweka sukari, wala hakuleta bakuli lake. Waliinywa yote. Mama yake Neema aliinywa vikombe viwili huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyeomba sukari.

Neema alirudi dawatini kwetu. Tulicheza rede, tukagawana mbegu za alizeti, tukamaliza shule. Lakini hatukuwahi kulitaja jambo lile, nami kila aliponichekea nilitazama kwanza kama kuna wengine wanaomwangalia.

Kilichobaki nyumbani ni ukimya. Baba alimpa kinyozi redio yake. Aliniita kama zamani, "Zuhura!", nami nikiitika nakumbuka kwamba hasikii, inabidi niende kusimama mbele ya macho yake ndipo ajue nimefika. Aliishi hivyo miaka mingi, katikati yetu, peke yake. Ugomvi wa pombe uliendelea kama ulivyoahidiwa. Balozi aliitwa tena kabla mwezi haujaisha.

Sasa naishi Dodoma, katika nyumba ya ghorofa ambamo sijui jina la mtu wa mlango wa pili. Likitokea baya mahali, vijana wangu wanajua kabla redio haijasema. Wanabadilisha picha zao kwenye simu, wanaandika "inauma sana," wanaendelea na video ya mtu anayecheza na paka. Nawacheka, halafu nanyamaza, kwa sababu sisi tulikwenda na mikeka, kweli, lakini pia tuliikunja.

Mwezi uliopita nilifungua kundi la simu la tuliosoma pamoja. Kati ya tangazo la vifaranga na kichekesho cha mtu na mkwewe, Neema alikuwa ameandika kwamba Mama Njiku amefariki, anazikwa kesho saa nane. Chini yake walikuwa wamejipanga watu thelathini na kitu, kila mmoja ameweka kijipicha cha mshumaa. Kutoka Dodoma mpaka Singida siku hizi ni lami tupu, ukitoka asubuhi unawahi maziko. Nilikuwa na kikao. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu.

Kisha nami nikaweka mshumaa.