Miaka Sita ya Gereji

Hebu mwone anavyoingia. Saa mbili kasoro asubuhi, mlango wa vioo wa hospitali kubwa, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tisa, viatu vyeusi vilivyopakwa rangi mara mbili ili mipasuko isionekane. Mkono mmoja umekumbatia bahasha ya kaki, mwingine unafuta bega. Anafuta maziwa. Mmoja wa pacha wake alimkumbatia wakati wa kuagana na mdomo ulikuwa bado haujapanguswa. Doa limegoma. Mwishowe anahamishia mtandio upande ule, na sasa unaweza kudhani amevaa hivyo kwa madaha.

Amekuja kwenye mahojiano ya kazi ya maabara, na kazi hiyo anaitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Si kwa sababu ya mshahara peke yake. Kabla ya kuwa Mama Pacha alikuwa na jina lingine. Kule alikofanya kazi miaka tisa walimwita Jicho. Daktari akiyatilia shaka majibu ya damu, slaidi ilirudishwa maabara na kikaratasi kimebandikwa: "Mpeni Jicho." Naye angeinama kwenye hadubini, aisogeze slaidi taratibu, halafu aseme, "Huyu hapa, amejificha pembeni." Miaka sita sasa hakuna aliyemwita hivyo, na alikuwa ameanza kusahau kwamba liliwahi kuwa lake.

Pacha walikuja miezi miwili kabla ya wakati wao, wa kike na wa kiume. Wa kiume kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Likizo ya uzazi ikaisha, mkubwa wa kazi akamwambia arudi au aachie nafasi. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani huonekana siku mbili kwa juma, tena moja ya hizo amelala. Mama mzazi yuko mbali, mama mkwe ameshatangulia. Akaachia nafasi. Alidhani ni mwaka mmoja tu. Miaka ya kulea ina tabia ya kuzaana.

Pacha walipoanza darasa la kwanza, jirani wa mlango wa pili akamgongea. Jirani huyu ni ofisa utumishi wa hospitali ninayokusimulia. "Shoga, maabara wanatafuta mtu. Fomu hii hapa, nimekuibia ya kwanza kabisa."

Fomu ilikuwa na jedwali. Kila mwaka na mstari wake: ulikuwa wapi, ulifanya nini, nani anathibitisha. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, ilidai sahihi na mhuri wa mwajiri. Miaka tisa ya mwanzo ilipata mihuri yake kule alikotoka. Sita iliyobaki akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wa kupendeza, mstari kwa mstari: Nililea watoto. Nililea watoto. Nililea watoto.

Karani wa masjala akaipitia, kisha akairudisha chini ya kioo.

"Mama, hapa hujajaza."

"Nimejaza, kaka. Soma."

"Nimesoma. Mhuri uko wapi?"

"Mhuri wa nani? Mwajiri mwenyewe alikuwa na kilo moja na nusu, angeushikaje?"

Karani alicheka, hakuwa mtu mbaya. Lakini fomu haikuingia. "Mwaka usio na mhuri tunauhesabu haupo, mama. Si mimi niliyetunga sheria. Ijumaa saa tisa tunafunga dirisha."

Akampigia mumewe, ambaye alikuwa njiani. "Chonga kiazi ukipige wino," mume akasema, nao wakacheka wote wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye ngazi za hospitali. Simu ilipokatika, kicheko cha Jicho nacho kikakatika.

Jioni ile akaenda kwa jirani. Alimkuta jikoni anakoroga sufuria, mwanawe wa miaka mitatu na nusu anazunguka meza na kigari cha plastiki. Mtoto alipomwona Jicho akaacha kigari, akamrukia. Alikuwa na haki. Tangu ana miezi mitatu hadi alipoanza chekechea mwaka huu, kila siku ya kazi, saa moja asubuhi alikabidhiwa mikononi mwa Jicho, akachukuliwa jioni. Ilikuwa iwe wiki mbili tu, mpaka jirani apate msichana wa kumsaidia. Msichana hakupatikana. Kusema kweli, hakutafutwa.

"Shoga, mhuri ninaoutafuta unao wewe."

"Upi?"

"Wa ofisi. Andika kwamba nimemlea mwanao miaka mitatu, utie sahihi, ugonge, basi. Mistari mitatu itakuwa imepata mwenyewe. Hiyo mingine nitapambana nayo."

Jirani aliweka mwiko chini. Akaenda kufunga mlango, ingawa huko nje hapakuwa na mtu.

"Usiniletee balaa. Nilipopewa hiki cheo waliniuliza mtoto mchanga atabaki na nani. Nikasema mama yangu amehamia kwangu. Imo kwenye faili."

"Mama yako si alishafariki?"

"Ndiyo maana hawezi kuja kukanusha."

Mtoto, juu ya paja la Jicho, akawa anachezea kifungo cha blauzi yake kama alivyozoea.

"Ningesema nini?" jirani akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Kwamba mtoto analala kwenye kitanda cha watoto wa jirani? Wangenipa cheo? Halafu kwenye mahojiano nitakuwepo, mimi ndiye katibu. Sikiliza, mpenzi. Wewe si una yule shemeji wa gereji? Ana leseni, ana mhuri, ana kila kitu. Aandike ulikuwa unamtunzia stoo. Nani ataenda kuuliza?"

"Kwa hiyo nidanganye."

"Ujaze fomu."

Shemeji wa gereji ni rafiki wa mumewe, mtu wa utani kuanzia asubuhi. "Ungeniambia mapema, shemeji, ningekushonea na overoli!" Kwenye fomu mpya Jicho alikuwa ameshaandika mara sita: Nilitunza stoo. Mhuri wake shemeji ni wa duara, katikati una picha ya spana. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, akakitemea mate. Pa, pa, pa, pa, pa, pa. Dakika haikutimia. Siku zote zile za kupima dawa kwa matone, za kukaa macho akihesabu pumzi za mtoto, za kubeba mmoja na kuburuza wawili, zilipita kwenye meza ya gereji haraka kuliko mtu anavyofunga kamba za viatu. Shemeji aliacha alama ya dole gumba lenye grisi kwenye kona ya karatasi. Jicho akataka kuifuta. "Acha," shemeji akamwambia, "huo ndio ushahidi wenyewe."

Karani wa masjala aliipitia mpaka mstari wa mwisho. Halafu akasema neno moja ambalo Jicho hajalisahau: "Sasa umejaza."

Basi, ndiyo asubuhi ile ya doa la maziwa. Walianza na mtihani wa vitendo, watu saba, hadubini saba, slaidi tano kila mmoja. Jicho aliinama. Alipoanza kuzungusha kile kigurudumu cha pembeni, picha ikajikusanya kutoka kwenye ukungu. Slaidi ya tano, watu sita waliandika haina kitu. Yeye aliandika vimelea viwili, ukingoni, upande wa juu. Mkuu wa maabara akaenda kuangalia mwenyewe. Aliinama, akakaa muda mrefu, akainuka.

"Umesomea wapi wewe?"

"Hapo hapo kwenye stuli, mkuu. Kwa kuangalia."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ndefu na watu watatu: mkuu wa maabara, mama mtu mzima ambaye ni mjumbe wa bodi, na jirani, kalamu mkononi, akiandika kumbukumbu za kikao kama mtu asiyemfahamu.

"Naona gereji," akasema mjumbe wa bodi. "Miaka sita. Gereji na maabara wapi na wapi?"

"Afadhali gereji, mama," mkuu akadakia. "Wale waliokaa nyumbani na watoto tumeshawachuja. Mtu wa namna hiyo akili si imeshalala?"

"Mimi nimezaa wanne," akasema mjumbe, "na sijakosa kazini hata siku moja."

Hakuna aliyemuuliza wanne hao walikuwa wakibaki na nani.

"Haya, tueleze," mkuu akasema. "Gereji ulijifunza nini?"

Jicho alikuwa amekariri habari za stoo na vipuri. Alifungua mdomo aziseme, zikagoma.

"Kusikiliza, mkuu. Nilikuwa na injini tatu. Mbili zililetwa kabla hazijakamilika, na waliozikabidhi walinionya nisiweke matumaini. Moja ilikuwa na tatizo la kuvuta hewa. Hiyo huwezi kuikagua kwa macho, unaweka sikio, unasubiri. Na zikinguruma zote kwa pamoja, lazima ujue ipi inataka mafuta, ipi imepanda joto, na ipi inadeka tu."

"Inadeka!" Mkuu alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Umesikia, mama? Injini inadeka!"

"Na ya tatu?" akauliza mjumbe, naye akitabasamu.

"Ya tatu haikuwa yetu. Mwenyewe alikuwa akiileta saa moja asubuhi, anaifuata jioni. Alisema wiki mbili. Ikawa miaka mitatu."

"Huyo ni mteja mwaminifu."

"Sana, mama. Hakuwahi kuchelewa kazini kwake. Nasikia hata cheo alipata."

Kalamu ya jirani ilisimama. Hakuinua uso. Shingo yake, Jicho anaijua shingo hiyo, ilikuwa imekakamaa kama ubao.

"Na zile mbili ziliishia wapi?"

"Zinatembea. Mwaka huu zimeanza dara—" Akameza. "Zimeanza safari ndefu. Hakuna hata moja iliyonifia mkononi."

Mkuu akapiga meza kwa kiganja. "Huo ndio uzoefu! Mtu mwenye subira, mwenye masikio. Katibu, andika hilo."

Na jirani akaandika.

Wiki mbili baadaye barua ilipenyezwa chini ya mlango. Hodi haikupigwa. Jicho aliziona nyayo za jirani zikiondoka, kivuli chake kikipita kwenye ule mwanya mwembamba. Amepata kazi. Barua inasema hivyo waziwazi, kwa kuzingatia alama zake za mtihani wa vitendo na "uzoefu wake wa miaka sita katika gereji". Chini kabisa kuna mstari wa mwisho: Nathibitisha kwamba maelezo yote niliyotoa kuhusu miaka yangu ya kazi ni ya kweli. Mbele yake, nafasi ya sahihi. Irudishwe Jumamosi kabla ya saa sita mchana.

Aliketi mezani, akavua kifuniko cha kalamu. Ilikuwa Jumamosi, pacha wapo. Yule wa kike amejua kusoma mwaka huu na sasa hakuna kinachopona, anasoma pakiti za sabuni, risiti, chini ya soli za viatu. Akaja akaegemea bega lile lile, akaweka kidole chini ya maneno.

"Mi-a-ka si-ta. Ka-ti-ka ge-re-ji." Akageuka. "Mama, ulifanya kazi gereji?"

Jicho akaivuta barua karibu yake.

"Miaka sita?" Akahesabu kwa vidole, taratibu, akafika cha sita, akabaki anakitazama. Akamwita kaka yake, ambaye alikuja mbio bila kukohoa hata kidogo. "Sisi tuna miaka mingapi?"

"Sita. Karibu saba."

"Mama," mtoto akasema, na hakuwa na hasira, alitaka kujua tu, "basi sisi alikuwa anatulea nani?"

Saa ya ukutani inaelekea saa tano. Watoto wawili wamesimama wanangoja, na kalamu iko wazi, ncha yake inakauka. Ungekuwa umeishika wewe, ungeanza na lipi: kutia sahihi, au kumjibu mtoto?