Kutu ya Binti Yangu

Kazi ya polisi ilinifundisha kuchukia kutu. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza silaha katika kambi moja hapa Kampala, na bunduki ikionekana na doa jekundu, aibu ilikuwa yangu, si ya aliyeibeba. Nilipostaafu tukahamia Kisugu, nikaendelea kusugua: majembe, bawaba za geti, sufuria za majirani. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Binti yangu wa mwisho alikuwa akisomea kemia chuo kikuu, shahada ya pili. Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo alinieleza kwa subira. Alikuwa akitengeneza chembe ndogo mno, ambazo unywele ukiwekwa kando yake ungeonekana kama gogo. Alizipaka kwenye vioo, akavichoma vioo katika tanuri, kisha akaviweka ndani ya maji juani. Mwanga ukikipiga kioo, na betri ndogo ikisaidia kidogo, maji yanagawanyika kuwa gesi mbili. Moja inawaka.

"Siku moja, Baba, watu watapika kwa jua na maji."

Sikuuliza chembe hizo zilikuwa za nini. Fahari ilinitosha. Niliipeleka mpaka kanisani Lubaga, nikamweleza kila aliyesimama kunisalimia.

Siku moja akaleta vioo nyumbani, maana uani kwetu jua lilikuwa kali kuliko chuoni penye miti. Walimu wake walitaka kuviona vikifanya kazi Jumatatu iliyofuata. Bila hivyo utafiti wake ungesimamishwa. Jumamosi akaenda Kamwokya kutafuta betri. Nikaviona vimepangwa dirishani, vyote vina wekundu ule ninaoujua. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikachukua mafuta ya taa, majivu na waya wa kusugulia sufuria, nikavishughulikia mpaka vikang'aa.

Jirani yetu, Mkenya fundi wa baiskeli, alinichungulia juu ya ua. "Afande, leo unakagua gwaride la vioo?"

"Namsaidia mtoto."

"Mtoto mwenyewe amekuomba?"

Nikaendelea kusugua.

Binti yangu aliporudi alivitazama, akaketi kwenye ngazi. "Baba, ile kutu ndiyo kazi yenyewe."

Hakulia wala hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Katika kazi yetu aliyekosea hangoji kuulizwa: huenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akavua kofia, akasema. Nikaingia ndani kutafuta kofia ili nipate ya kuvua. Nikasimama mbele yake. "Kosa ni langu. Nimeharibu bila kuuliza."

"Mimi si afande wako, Baba," akasema. "Kamwambie mwalimu wangu hivyo hivyo."

Jumatatu nikaenda. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye miwani, alinisikiliza huku ameziba mdomo kwa mkono.

"Vimetoka vyote, mzee?"

"Vyote, mwalimu. Halikubaki hata doa."

Akampa binti yangu mpaka Ijumaa atengeneze vingine. Siku zile binti yangu alishinda kwenye tanuri la chuo, na mimi nyumbani nilipewa amri moja tu: nisiguse kitu.

Ijumaa aliniruhusu nisimame nyuma ya walimu wake. Akiwa na koti lake jeupe la maabara, akatumbukiza kioo kipya chekundu majini, akaunganisha nyaya, akakielekeza juani. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha viputo vidogo vikaanza kupanda kwenye waya wa upande wa pili. Akavikinga kwa kichupa kilichopinduliwa, akasogeza kiberiti. Gesi ikalia, pa, kama kizibo kinachofunguliwa.

Mwalimu mmoja mzee hakutikisika. "Kutu iko kila mahali. Yako ina nini?"

"Ikiwa nene, nguvu ya jua inapotelea ndani kabla haijafika kwenye maji," akamjibu. "Yangu ni nyembamba, na chembe zake nimezipanga."

Yule mzee akainama kukitazama kioo kwa karibu. Alipoinuka alimwambia aendelee na kazi.

Nikiwa natoka, askari wa getini aliniuliza, "Mzee, leo umemleta nani?"

"Sikumleta mtu," nikamwambia. "Nimeletwa. Na yule pale mwenye koti jeupe."