Mayai ya Kijani Siku ya Lishe

Sina namna ya kulisimulia hili nikabaki na heshima, kwa hiyo chekeni tu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, kila mtu pale Kimamba akawa mfanyabiashara, na mimi na jirani yangu Mama Zuhura tukaangukia kazi moja: mayai. Sasa viini vya mayai yake vilikuwa vya njano iliyokolea, vyangu vyeupevyeupe kama vimeugua, na roho ikaniuma! (Niliviota hadi usingizini, jamani. Viini!)

Mpishi wa hoteli moja ya Mikumi akaja kutafuta muuzaji wa kudumu, akasema tukutane zahanati siku ya mafunzo ya lishe, kila mmoja na mayai yake ya kuchemsha, aonje huku nesi akiwafundisha akina mama. Asubuhi hiyo nikabandika sufuria, na badala ya kukaa nayo nikajiambia ngoja nichungulie dakika moja tu Mama Zuhura anawapa nini kuku wake, nikabana jicho kwenye tundu la ua wake wa matete, nikamwona anawakatia mchicha, anawamwagia mahindi ya njano, nikasubiri nione dawa anayokolezea viini, dawa haiji, jua likapanda, nikarudi mbio nikakuta maji karibu yakauke. Nikayabeba mayai hivyo hivyo.

Zahanati imejaa. Nesi akapasua yai langu mbele ya watu: kiini kimezungukwa na duara la kijani. La pili, kijani. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma.

"Haya yameoza!"

Hapo ningenyamaza. Lakini wivu una mdomo wake, nikasimama, nikamnyooshea kidole Mama Zuhura: "Huyu ndiye kayatilia dawa, kama anavyokoleza yake! Hataki nipate Mikumi!"

Nesi akalinusa yai, akaniuliza taratibu, "Mama Salome, uliyachemsha kwa muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo si hivi. Kiini kina madini ya chuma, na ute ukipata moto mno unatoa salfa. Vikikutana ndiyo kijani hiki. Hayajaoza, mafuta na vitamini A bado vimo. Na njano ya mwenzako si dawa, ni majani na mahindi wanayokula kuku wake."

Mama Zuhura hakupandisha sauti. "Jirani, jicho lako nimeliona kwenye ua wangu asubuhi nzima. Si ungebisha hodi?"

Watu walicheka mpaka nesi akashindwa kuendelea. Mpishi akapatana na Mama Zuhura pale pale.

Wiki nzima nilizunguka kwa njia ya reli ili nisipite mlangoni kwake. Nilipokwenda hatimaye kumwomba radhi, hata sijamaliza akasema, "Yameisha, Mama Salome, kaa."

Kuchungulia ua wa mtu nimekoma, naapa. Wivu ndio bado napambana nao, maana nilikaa pale mkekani nikimwonea wivu hata ule moyo wake wa kusamehe.