Kilo Hamsini

Biashara ya mazao ilipoachiwa watu binafsi, kaka yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua ghala pale Singida mjini. Alinunua alizeti Ikungi na Mitundu, akanenepa, na watu wakasema mambo yamemnyookea. Miaka michache baadaye akaanza kutoka damu puani bila sababu.

Daktari wa Dar es Salaam alisema ni saratani ya damu. Dawa zilikuwa zimeituliza kwa muda tu. Kilichobaki ni kupandikizwa uboho wa mifupa huko India. Tulizaliwa wawili kwa mama, na vipimo vikaonyesha uboho wangu unamfaa. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikapandishwa kwenye mizani: kilo arobaini na nne. Daktari akaeleza taratibu kwamba uboho hukadiriwa kwa uzito wa anayeupokea. Kaka alikuwa pande la mtu na mimi kijiti, na kule hawamtoi uboho mtu asiyefika kilo hamsini. Tena tusikawie, maana saratani ikirudi, au mgonjwa akikonda sana, mwili hautahimili dawa za kumwandaa. Kaka akabaki hospitali, mimi nikarudi nyumbani kunenepa.

Siku niliyofika, mama alinipima kwenye mizani ya ghalani, ile ya kupimia magunia. Thelathini na tisa. Alishika kichwa, akasema safari na wasiwasi vimenila kilo tano. Tangu hapo nikawa mtu wa kulishwa: supu ya kuku asubuhi, maziwa na asali mchana, ugali wa uwele na mchuzi wa karanga jioni. Kwetu mtu kula peke yake ni aibu. Mimi nilitengewa chumbani, mlango umefungwa, asije mgeni akakaribishwa kilo za kaka. Rafiki zangu nao walikatazwa kunitembeza, eti jua litanikausha, na baada ya muda wakaacha kuja. Nilimpenda kaka, lakini nitasema kweli: kuna siku nilimchukia kwa kila tonge.

Kila Ijumaa nilisimama kwenye mizani. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Mama alikwenda posta kupiga simu Dar, akamwambia kaka bado kidogo. Nguo zilianza kunibana, nikamwonyesha; akasema zimerudi kwa kufuliwa. Mizani iliposimama wiki mbili palepale, alinishuku kwamba namwagia mbwa chakula.

"Ndugu yako anakufa," aliniambia, "na wewe unachagua mboga."

Mwezi wa nne wa kulishwa, mshale ukagusa hamsini. Kesho yake tulipanda basi. Mizani ya hospitali ikaonyesha hamsini na tano. Daktari akaniuliza kwa nini tulingoja hadi nipite hivyo. Saratani ilikuwa imerudi siku chache kabla, na kaka, na mwili ule wote, alikuwa amebaki mifupa na macho. Safari ya India ikafutwa.

Mama alipotoka kuswali nilibaki na kaka. Akaniuliza nilikuwa napimwa wapi. Siku zote alidhani ni zahanati. Nikamwambia ghalani. Akageukia ukutani.

"Ile mizani niliichezea mimi, mdogo wangu," alisema. "Ilikuwa inawaibia wakulima kilo tano kwa kila gunia. Usimwambie mama."

Nikapiga hesabu palepale. Hamsini ya kweli nilikuwa nimeifikia zaidi ya mwezi mmoja nyuma, nikaendelea kula na mlango umefungwa. Nilikasirika hata machozi yakagoma, na niliyepaswa kumfokea alikuwa hana nguvu ya kushika kikombe. Nikamwambia sitasema.

Tulimzika Singida kabla ya mvua. Pale msibani wanawake walinitazama nilivyonawiri, wakanong'onezana, na sikuwa na hata mmoja wa kumweleza.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakunigombeza tena, ila kila alipomtaja kaka alisema angepona kama mimi ningekula mapema. Nilikuwa najibu, "Ndiyo, mama," na kuendelea na kazi. Alipokuwa mgonjwa wa kitandani, zimebaki siku chache, aliniita nikae karibu. Akasema hataki kuondoka na kinyongo na mwanawe, kwa hiyo amenisamehe.

Nikamshukuru.