Shemeji, Kigari cha Tiara na Fundo Langu

Kati ya kibanda changu cha kushonea maturubai na karakana ya shemeji yangu kuna bati moja tu, tena limetoboka. Kwa miaka kumi na minne nimesikia kila anachofanya: akikohoa, akipiga mluzi, akikata bomba kwa msumeno wa umeme. Naye amesikia cherehani yangu na, bila shaka, majigambo yangu. Kwa hiyo nikisema namjua mtu huyu, sibahatishi. Na nikisema nilimkosea, hilo pia sibahatishi.

Watu wanamwita Cheche. Ni mdogo wa mke wangu, mfupi, mwenye mabega mapana na nyusi zilizoungua mara nyingi hadi zimekata tamaa ya kuota. Haongei sana. Ukimuuliza geti litakuwa tayari lini, anatazama juu kwanza, halafu anataja siku, na siku hiyo geti linakuwa tayari. Mafundi wa namna hii ukiwatafuta kwa tochi huwapati. Akimaliza kuchomelea kiungo, anakigonga mara tatu kwa nyundo ndogo, anasikiliza, ndipo anahamia kingine. Mimi ng'ambo ya bati nilikuwa nikimtania, "Shemeji, unabisha hodi humo ndani anakaa nani?" Anacheka tu, anaendelea kugonga.

Mimi nilijulikana kwa jambo moja lisilomlisha mtu: tiara. Nimerusha tiara miaka ishirini na sita. Nimerusha ndogo za karatasi na kubwa za kitambaa cha hema zinazoweza kumburura mtu mzima, na sijawahi kupoteza hata moja. Siri ilikuwa fundo. Nililibuni mwenyewe, lina mizunguko mitano, na likishakazwa halifunguki mpaka ulikate kwa kisu. Upepo ukiwa mkali nilikuwa naifunga kamba kwenye nguzo au kwenye mkanda wangu wa kiunoni, nakunja mikono, natazama wenzangu wakihangaika. "Mkono unachoka," nilikuwa nawaambia, "fundo halichoki." Wajinga walipiga makofi, nami nilikuwa mjinga wa kwanza.

Ilianza pale Cheche alipoona kwenye simu watu wamekaa kwenye vigari vya magurudumu matatu, wanavutwa na tiara kwenye uwanja mpana. Alikuja kunionyesha, macho yanang'aa. Nikamwambia ni michezo ya watu wasio na kazi. Hakubisha. Baada ya wiki chache kigari kilikuwa kimesimama mlangoni kwake: bomba lililokunjwa vizuri, kiti cha turubai nilichomshonea mwenyewe, magurudumu matatu ya toroli, na foko ya mbele inayoshika gurudumu, unayoikanyaga kwa miguu kulia na kushoto ili kukata kona.

Akaniomba pia nimshonee tiara ndogo. Niliishona huku nikicheka, maana ilikuwa ndogo kama ya mtoto. Akaenda nayo kila Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule ulioachwa kwa magugu na mbuzi, akaanguka miezi mitatu. Nilikuwa naona michubuko viwikoni mwake, nacheka. Mwezi wa nne hakuja na michubuko. Alikuja na vumbi tu, na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona kwake, hata siku ya harusi yake. Hapo roho ikaniuma. Mrusha tiara wa mji huu ni mimi, halafu anayevutwa na tiara ni mchomelea mageti!

"Shemeji, na mimi nifundishe," nikasema.

Alifurahi kweli. Alinikalisha kwenye benchi lake na kunieleza kama anavyomweleza mteja. Nianze na tiara ndogo. Nijifunze kwanza nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, tena siku ya upepo mdogo. Halafu akanionyesha mishikio miwili ya mikononi na kamba fupi inayofungwa kwenye kifundo cha kila mkono. Ukiachia mishikio, zile kamba fupi zinavuta tiara kwa nyuma, inakunjika na kuanguka yenyewe.

"Hilo ndilo kubwa kuliko yote," akasema. "Ikikuzidi nguvu, achia."

"Mimi?" nikamjibu. "Niachie? Shem, mimi nilikuwa narusha tiara wewe bado unalilia ubwabwa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mara mbili. Achia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo naijua tangu utotoni, ila haikunionya kwamba kinachovunjika kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Jumapili ile niliwaalika watu. Hilo nalisema kwanza kwa sababu ndilo linalonitia aibu kabla ya mengine. Niliwaalika wateja, majirani, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mwenye heshima zake aliyekuwa ameagiza kwa Cheche geti kubwa la shule. Walikuja kama hamsini. Upepo ulikuwa unapeperusha kofia.

Cheche alitazama juu, kama anavyotazama akiulizwa siku ya geti. "Shem, upepo wa leo si wa kujifunzia. Turushe tu, kigari tukiache."

"Watu wamekuja," nikasema.

"Basi chukua ile ndogo."

Nilikuwa nimekuja na kubwa. Hakubishana nami mbele ya watu. Alinivalisha kofia yake ya pikipiki, akanikazia ukanda wake kidevuni kama mama anayemvalisha mtoto, halafu akaenda kuwasogeza watu pembeni. Hapo ndipo, akiwa amenipa mgongo, nilipoifanya kazi yangu. Sikufunga zile kamba fupi mikononi. Niliishika mishikio yote miwili pamoja, nikaifunga kwenye foko ya mbele. Mizunguko mitano. Mkono unachoka, fundo halichoki.

Mke wangu akaishika tiara kule mbele, akairusha juu, na upepo ukaichukua.

Mita ishirini za kwanza zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Nilisikia watu wakipiga kelele nikadhani ni shangwe. Halafu upepo ukaongezeka, tiara ikahamia kushoto, na kigari kikaifuata kushoto, kuelekea kwa watu. Nilikanyaga foko kwa miguu yote miwili. Haikugeuka, kwa sababu tiara niliyoifunga pale ilikuwa na nguvu kuliko miguu yangu. Kisu sikuwa nacho. Nilisikia sauti ya Cheche nyuma yangu, "Achia! Shemeji, achia!" na sikuwa na cha kuachia.

Alinikimbilia, akashika mgongo wa kiti, akajikita chini kwa visigino. Foko ikapasuka. Tiara ikaenda zake na kipande cha bomba, kigari kikapinduka, na Cheche akatupwa juu yangu akaangukia bega kwenye lami. Mimi niliinuka na suruali iliyochanika. Yeye hakuinuka.

Watu wakatuzunguka. Mwalimu mkuu akauliza, "Jamani, kumetokea nini?"

Ningeweza kusema kweli. Ingechukua maneno matatu. Badala yake mdomo wangu, bila hata kunishauri, ukasema, "Weldi imekatika."

Cheche alikuwa chini, ameshika bega, uso umejaa jasho. Alinitazama. Nilitegemea aseme neno, nilikuwa hata nimeshaandaa jibu. Akafumba macho tu.

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Daktari alimfunga mkono kifuani na kumkataza kazi wiki sita.

Jioni ile mke wangu ndiye aliyeifuata tiara, ilikuwa imenasa kwenye uzio wa seng'enge. Nilimkuta ameikunja vizuri na kuiweka juu ya cherehani yangu, kipande cha bomba juu yake, na fundo langu likiwa limelikumbatia bomba kama lilivyozaliwa.

"Baba watoto," akasema, "hili fundo mimi siwezi kulifunga. Mdogo wangu hawezi kulifunga. Niambie, mji huu analiweza nani?"

"Na hapa," akaweka kidole, "bomba limechanika lenyewe. Weldi hii hapa pembeni, nzima. Mimi nimemlea huyo mtoto, alianza kuunga masufuria yetu ana miaka kumi na miwili. Sitamwambia mtu. Utasema wewe." Akaenda kupika, na tangu siku hiyo akawa ananiitikia kwa heshima zote kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Bora angenitukana.

Siku ya pili nilijiambia nitasema kesho. Siku ya tatu nilijiambia acha kwanza apone, nisimsumbue mgonjwa. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha wiki tano nzima, kwa ustadi.

Ng'ambo ya bati kukawa kimya. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya mkono. Ila Cheche alikuwa amemleta fundi mwenzake wa kumsaidia, akae amwelekeze, na yule fundi alikaa siku mbili akarudi kwao, kwa sababu wateja walikuwa wanapita mbali. Neno lilikuwa limetembea. Kwa kinyozi nilisikia mtu akisema, "Yule weldi zake zinakatika, alitaka kumuua shemeji yake." Wakanigeukia wanipe pole. Nikaipokea. Niliipokea pole ile, nikaitikia kwa kichwa, huku wembe ukiwa shingoni mwangu.

Kisha akaja mwalimu mkuu. Nilisikia kila neno kupitia tundu la bati.

"Fundi, si kwamba nakushuku. Lakini ni watoto wanaopita chini ya geti lile."

"Naelewa, mwalimu," Cheche akasema.

"Nimempa mwingine. Unisamehe."

"Hakuna shida, mwalimu. Karibu tena."

Mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya pedali. Mlango wangu ulikuwa wazi, na mama yule angepita mbele yake hatua nne kutoka nilipokaa. Alipita. Akanisalimia. Nikaitikia, nikainama, nikaendelea kushona, na mshono ule ulienda upogo mpaka nikaufumua wote.

Wiki ya tano Cheche aliingia kwangu, mkono bado umefungwa. Alisimama kama mteja.

"Shem, nahitaji turubai. Lile geti halina mwenyewe sasa, na mvua zinakuja. Nataka nilifunike lisile kutu."

"Twende nikalipime," nikasema.

Geti lilikuwa limeegemezwa ukutani, refu kuliko mimi, nondo zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na juu kulikuwa na bamba pana lililoachwa wazi kwa ajili ya jina la shule. Nilipitisha futi yangu ya kitambaa upande kwa upande. Kila nilipogusa kiungo nilikumbuka ko-ko-ko. Alikuwa amevigonga vyote, kimoja kimoja, na mimi nilikuwa namtania. Nilifika katikati nikashindwa kusoma namba kwenye futi.

"Cheche," nikasema. "Nilifunga mishikio kwenye foko. Weldi yako haikukatika."

"Najua," akasema. "Nililiona fundo nilipokuwa nakukimbilia."

Nilikaa chini, juu ya vyuma. "Sasa mbona hukusema? Siku ile, pale pale?"

Alitazama juu, kama kawaida yake. "Ningesema mbele ya watu hamsini, na dada yangu amesimama pale, aibu ingekuwa ya nani? Yeye ndiye angerudi nyumbani na wewe." "Halafu nilidhani utasema. Nilidhani labda Jumatatu."

Hilo la Jumatatu ndilo lililonimaliza. Nililia mbele ya shemeji yangu, mtu mzima mwenye mvi, na futi mkononi.

Sikushona turubai siku hiyo. Nilichukua kile kipande cha bomba chenye fundo, nikaenda nacho hadi ofisi ya mwalimu mkuu, nikakiweka juu ya meza yake katikati ya madaftari na kueleza yote nikiwa nimesimama. Alikitazama muda mrefu.

"Geti lingine limeshafungwa jana," akasema. "Ungekuja mapema, baba."

Nikatoka hapo nikaenda kwa kinyozi, nikasema tena. Nikasema sokoni. Kila mahali walicheka, wengine wakanitukana kidogo, na kabla ya jua kuzama nilikuwa na jina jipya. Sasa watoto wa mtaa mzima wananiita Fundo, na huwa naitika. Wateja wa Cheche wamerudi, si wote. Bega lake la kulia limebaki chini kidogo kuliko la kushoto, na akichomelea juu ya kichwa anapumzika mara kwa mara.

Jumapili nyingine mimi naye huwa tunakwenda uwanjani. Kigari bado hajaniruhusu. Nasimama kwa miguu yangu na ile tiara ya kitoto, kamba fupi zimefungwa mikononi, naye nyuma yangu anasema, "Achia." Mara za kwanza vidole vilikataa. Naachia, tiara inaanguka, mbuzi wanashtuka, natembea kuiokota. "Tena," anasema.

Lile geti hakuna aliyelinunua. Siku moja nilirudi nyumbani nikakuta Cheche na fundi mwenzake wamechimba mashimo mbele ya uwanja wetu mdogo, wanalisimamisha.

"Dada hana geti," akaniambia, bila kugeuka.

Ni kubwa mno kwa nyumba yetu. Wageni wanauliza kama tumefungua shule, maana bamba la jina bado liko juu, tupu. Mimi ndiye ninayelifungua kila asubuhi na kulifunga kila jioni. Mvua mbili zimepita na hakuna kiungo hata kimoja kilicholegea. Nimevigonga vyote.