Nilimpiga Shemeji Yangu Kwenye Kona ya Korongo

Nilimpiga shemeji yangu kwa pampu ya baiskeli, mara tatu, na ile ya tatu alikuwa ameshanipa mgongo. Nalisema hili mapema ili usije ukanihurumia katikati ya habari. Jina langu silitoi, na la kwake nimelibadilisha. Tumwite Athumani.

Mimi si mwenyeji wa Morogoro. Nilikuja nikiwa kijana, nikajifunza ufundi baiskeli, nikaoa binti wa Kiluguru kutoka huko juu, upande wa Matombo. Athumani ni kaka yake, wameachiana ziwa.

Watu wa mjini na wa Dar walipoanza kupenda kuendesha baiskeli za matairi mapana kwenye barabara za changarawe, mimi na yeye tukashirikiana. Nawachukua wageni mjini, tunapita Bigwa, tunafika Mkuyuni, halafu tunapanda vijia vya migomba na mdalasini mpaka unausikia mto chini kwenye korongo. Kuanzia hapo anatangulia Athumani. Anajua jiwe lipi linazunguka ukilikanyaga na daraja lipi la miti limeoza. Anawajua wenye mashamba wote. Akipita ni shikamoo bibi, shikamoo mjomba, na watu wanatupisha.

Mimi nilidhani wananipisha mimi.

Siku moja nilileta wageni wanne kutoka Dar. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri na mto umegeuka rangi ya udongo. Tulipofika kwenye kivuko Athumani akasimama.

"Shemeji, leo hapa hatupiti."

"Maji ya magoti hayo," nikasema.

"Ya magoti hapa pembeni. Katikati yanakubeba wewe na baiskeli yako."

Nikamwambia mbele ya wageni kuwa anaogopa maji kama paka. Akawageukia wao, akasema taratibu, "Jamani, turudi. Anayetaka kufa asife akiwa na mimi."

Wakacheka, wakageuza baiskeli. Hatujafika mbali, gogo zima likapita pale pale kwenye kivuko, linabingirika kama kijiti. Wote tuliliona. Mama mmoja katika wale wageni akamshika Athumani mikono yote miwili, akamshukuru. Mimi hakuna aliyeniangalia.

Baada ya siku ile wageni wakaanza kumpigia simu yeye. Habari nilikuwa nazipata kwa mke wangu, tena kwa furaha. "Kaka anapeleka watu Jumamosi." Kila alipomtaja, niliona kama nimepigwa kofi. Sikumwambia Athumani neno. Nilikaa na jambo lile tumboni mpaka likaoza.

Alhamisi moja asubuhi nikapanda peke yangu. Nilijua kawaida yake: kabla ya kupeleka watu, anaipita njia mwenyewe kuikagua. Nikamsubiri kwenye kona inayoning'inia juu ya korongo, mahali ambapo baiskeli mbili hazipishani. Nilijiambia nimekwenda kuzungumza. Mtu anayekwenda kuzungumza hachagui mahali kama pale.

Akaja anasukuma baiskeli. Aliponiona akatabasamu.

"Shemeji, mbona hukusema unakuja? Mama angepika."

"Umeniibia njia yangu."

"Njia gani?"

"Hii hii. Wageni nimewaleta mimi, ramani nimeiweka mimi kwenye simu."

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu mwenye homa. "Njia hii bibi yangu ameipita na mzigo kichwani wewe hujazaliwa. Kama una la kusema, twende nyumbani tukae, tuzungumze."

Pampu ilikuwa mkononi mwangu, ya chuma, ya kizamani. Ya kwanza ilimpata begani. Ya pili mdomoni, na nikasikia jino likivunjika. Hakurudisha. Alinyanyua mkono mmoja kujikinga, ule mwingine bado umeshika baiskeli yake. Kisha akageuka aondoke, damu inamchuruzika kwenye shati, na mimi nikamtandika ya tatu katikati ya mgongo kwa nguvu zangu zote.

Akaenda na baiskeli yake ukingoni. Nilisikia chuma kinagonga mwamba, kinagonga tena, halafu maji.

Nilipochungulia, baiskeli ilikuwa imeshachukuliwa na mto. Yeye alikuwa amelala juu ya mawe, mguu wa kulia umekunjika kwa upande usiokunjika, na mfupa mweupe umetokeza. Macho yako wazi. Akaniona.

"Shemeji," akaita. "Shemeji, mguu."

Nikapanda baiskeli yangu, nikaondoka. Aliendelea kuniita mpaka sauti ya mto ikamfunika.

Huko mbele nikapishana na akina mama wawili wamebeba majembe. Mmoja akaniuliza kama njia inapitika baada ya mvua. Nikamwambia inapitika.

Hao ndio waliomkuta, jua limeshakuwa la utosi. Walimpandisha kwa kanga walizokuwa wamevaa, wakaita watu, akabebwa kwenye machela ya miti hadi barabarani. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema jeraha lilikaa kwenye tope muda mrefu mno. Nilikuwepo aliposema. Nilikuwa nimemshika mama mkwe bega.

Polisi walipokuja kuuliza, Athumani alikuwa anaweza kuongea. "Niliteleza," akasema. "Kona ile ina utelezi." Alisema hivyo ananitazama mimi.

Hapo ndipo nilipaswa kuanguka chini niseme ukweli. Badala yake nikashusha pumzi.

Nikafanya baya zaidi. Wageni wake nikawachukua. Tukifika kwenye kona ile nawasimamisha, nawaambia shukeni hapa, kuna jamaa alianguka, alikuwa mzembe, hasikii akionywa. Nilisema hivyo si mara moja.

Mke wangu alikuwa akienda kumwogesha kaka yake. Akaona alama mgongoni, imenyooka, nene kama bomba. Akamuuliza imetoka wapi, Athumani akakataa kusema. Mchana mmoja tunakula, watoto wapo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu.

"Kaka alianguka kwa tumbo au kwa mgongo?"

"Mimi nitajuaje? Sikuwepo."

"Mbona wale akina mama wanasema walipishana na wewe?"

Nikampiga. Kofi la kwanza likamwangusha kwenye mkeka, la pili nikamfuata nalo pale chini. Bakuli la mchuzi likapasukia ukutani. Binti yetu mkubwa akamkumbatia mdogo wake, akamziba macho.

Mke wangu hakulia. Aliinuka, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Mimi nilikuwa nauliza tu," akasema. "Sasa umenijibu."

Jioni ile yeye na watoto walikuwa wamesharudi kwao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake. Hakuna aliyekuja kuniuliza chochote.

Nilivumilia wiki mbili kwenye nyumba tupu, kisha nikapanda kwao. Mama mkwe alikuwa uani anamenya mihogo. "Shikamoo mama," nikasema. Hakuitikia. Wewe uliyelelewa na wazazi unajua maana yake, mkubwa kukuacha na shikamoo yako mdomoni.

Nikapiga magoti, nikasema yote. Pampu, mara tatu, mgongo, alivyoniita, akina mama niliowadanganya, maneno niliyowaambia wageni. Nilikuwa sijamaliza, binamu wawili wa Athumani wakanivaa. Mmoja kwa ngumi, mwingine kwa mchi. Walinivunja mbavu, na sikio la kushoto hadi leo linavuma. Sikunyanyua mkono. Mama mkwe aliendelea kumenya, kisu hakikusimama.

Athumani akatoka ndani kwa magongo. "Basi," akasema. Wakaacha.

Nikamuuliza, damu imenijaa mdomoni, kwa nini hakunitaja kwa polisi.

"Wale watoto ni wangu," akasema. "Nilisema baba yao asiende jela kwa ajili ya mguu wangu. Nilijua utaona haya, utakoma. Nikasikia unanitukana kwa wageni, nikanyamaza. Halafu ukampiga dada yangu." Akaegemea gongo moja. "Kofi lile hata mimi nimo. Nilikupa nafasi."

Mtu niliyemtia kilema ndiye aliyekuwa anatafuta kosa lake.

"Sijakusamehe," akaendelea. "Ukishuka hapa, nenda polisi kwa miguu yako. Usingoje mimi."

Nilikwenda na mdomo umevimba hivyo hivyo, nikaandika maelezo. Kesi inaendelea, niko nje kwa dhamana. Talaka mke wangu aliidai nikampa. Watoto naletewa sokoni Jumamosi, mama yao akishuka na mihogo. Mdogo ananikimbilia. Mkubwa ananipa shikamoo kwa adabu zote, kisha anahamia upande wa pili wa mama yake.

Wageni wanapelekwa na vijana wengine siku hizi. Athumani huwachorea njia wakiwa wamekaa uani kwake. Mimi nimebaki na spoku na pancha.

Nakuomba wewe unayesoma, hasa mwanaume mwenzangu uliyebeba hasira na ndugu. Usiende kumtafuta mahali mlipo wawili tu. Mtafute mchana, mbele ya wakwe na wazazi, useme kinachokuuma kwa maneno yake yenyewe. Ukiona aibu kukisema mbele ya watu, basi ujue hakikustahili hata ngumi moja.

Changu kilikuwa kifupi sana: Athumani anaijua milima kuliko mimi, na inaniuma. Ningekisema pale uani kwao, wangenicheka kidogo, tukanawa mikono, tukala.