Kinu Kitupu cha Askale

Katika mtaa wao pale Jimma, Askale alikuwa hakimu wa kahawa, na wala hakuna aliyemteua. Kwa miaka thelathini alipokea vikombe vya majirani, akaonja, kisha akahukumu. Ikiwa imetwangwa chenga kubwa: "Hii umeiosha tu, mama, hujaipika." Ikiwa imetwangwa laini mno: "Tope zuri hili. Nifungie kidogo nikakandike ukuta."

Ya kwake ilikuwa katikati, chenga za kiasi cha mchanga wa mtoni, na majirani waliifuata kila Jumapili wakitoka kanisani. Walikunywa mizunguko yote mitatu, mpaka ule wa mwisho wa baraka. Matusi waliyavumilia kwa sababu kahawa ilikuwa nzuri. Bila kahawa hiyo Askale angebaki mdomo mtupu, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana bega lake la kulia lilipogoma, hakumwambia mtu. Binti yake Meskerem alimletea mashine ya umeme kutoka Addis. Askale, aliyezoea kusema kwamba kahawa ya mashine ni ya watu waliokwisha kata tamaa, aliificha chini ya kitanda, na Jumapili asubuhi akakaanga buni na kuzisaga huku amefunga mlango.

Wageni walipofika, alikaanga buni mbele yao kama kawaida, wakanusa moshi, wakasifu. Kisha akaingia nazo jikoni, akazimimina kwenye kopo, na kwa mkono wa kushoto akatwanga kinu kitupu ili wasikie. Alitwanga kwa bidii kubwa. Ile ya mashine, laini kama unga wa ngano, ndiyo iliyoingia kwenye jebena, birika la udongo, na kuchemka.

Ilitoka nyeusi, nzito, chungu kama dawa ya minyoo, na mashapo hayakutulia chini. Mzee Tefera alimeza, akajifuta ulimi kwa leso.

"Nimekumbuka," akasema, "mbuzi wangu hajafungwa."

"Mbuzi gani?" Askale akauliza. "Ulimuuza mwaka jana!"

"Basi niende nikahakikishe."

Kutoka kwenye nyumba ya mtu kabla ya mzunguko wa tatu ni kuilaani, na wengine nao walishaanza kutafuta viatu.

Wubit, jirani wa ukuta mmoja, hakutafuta viatu. Alikwenda jikoni, akarudi na kinu, akakipindua mbele ya watu. Halikuanguka hata vumbi.

"Kilikuwa kinalia kama kengele, nikashangaa. Dada yangu, ulikuwa unatwanga nini? Upepo?"

Askale alifungua kinywa amtukane, akatokwa na machozi. "Bega limekufa, Wubit. Hata nywele sijichani."

"Na mdomo je?"

"Mdomo mzima."

"Ndiyo mkosi wetu." Wubit akaketi, akamimina buni za kwenye kopo kinuni, akashika mchi. "Haya, niambie wapi pa kuacha. Si mimi ndiye uliyesema huwa naiosha tu kahawa?"

Askale akafumba macho, akasikiliza. Buni zilivunjika kwanza kwa kelele, kisha zikaanza kunong'ona. "Usipige kama unaua nyoka. Zungusha. Bado... bado... Hapo! Acha, utaiharibu!"

Ikachemshwa upya. Mzee Tefera alikunywa, akalamba mdomo, akanyoosha kikombe cha pili. Wakamaliza mitatu, na hakuna aliyezungumzia mbuzi tena.

Kesho yake bombani, mbele ya wanawake wanne, Wubit alitangaza kwamba kahawa maarufu ya Askale inatokana na mkono wake yeye. Askale alikuwa nyuma yake na ndoo. Tusi lilikuwa limeshaiva, la kutosha kukaa mwaka mzima. Akalimeza, na likamuuma lilivyokuwa linashuka.

"Ni kweli," akasema. "Anajua kutwanga. Jumapili uje mapema, Wubit."

Wanawake wote wanne wakaweka ndoo chini kwa mshangao.